Rangi Ambayo Sikuikwangua

Mama, shikamoo.

Mkwe hamwandikii mama mkwe barua. Ulipokuwa hai nisingethubutu. Hata salamu zangu zilipitia kwa binti yako. Leo Neema yuko chumba cha pili na mapacha wetu. Anajua ninakuandikia, na hajanikataza. Karatasi ya kwanza nimeichana.

Imepita miezi mitatu tangu tukuzike Buswelu. Mahindi uliyopanda nyuma ya jiko tumeyavuna, yalikuwa mazuri. Kulwa ameng'oka jino la mbele. Doto bado anakutengea kigoda akila, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia akitoe. Lakini sikukaa hapa kukupa habari hizo. Ninataka kusema habari ya tela.

Siku ile ulipokuja gereji kwangu Igogo ulikuwa umeendesha mwenyewe, peke yako, ile Pijo kuukuu aliyokuachia baba mkwe. Mafundi wenzangu waliacha kazi wakakutazama. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane, kitenge kiunoni, anarudisha gari nyuma bila kumgusa mtu. Wakati huo nilishasikia yaliyosemwa kwenye ukoo. Shemeji yako Mabula, mdogo wa marehemu, alitaka gari la kaka yake lirudi mikononi mwake, akidai mwanamke hana kazi nalo. Nawe ulimjibu mbele ya watu: "Nipe mwaka mmoja, Mabula. Likinishinda, lichukue."

Ndiyo maana ulitaka tela la kuvuta mzigo nyuma ya gari. Shamba lako lilikuwa ng'ambo ya ziwa, Busisi, na mihogo na viazi viliozea huko kwa kukosa wa kuvivusha.

Nililala chini ya gari nikigonga chuma kwa nyundo, kutafuta mahali ambapo kutu haijala. Wewe ndiye uliyenisaidia. Hukunipa spana mkononi hata mara moja. Uliiweka juu ya jiwe, ukarudi hatua mbili, ukatazama pembeni, ndipo nikaichukua. Hiyo ndiyo heshima yetu ya mkwe na mama mkwe, na sijawahi kufanya kazi kwa utulivu kama siku ile. Nilitoboa matundu manne, nikafunga chuma cha kuvutia tela kwa boliti nene, nikakipaka rangi nyeusi kisipate kutu. Rangi ilipokauka nikaanza nyaya: taa za nyuma, breki, indiketa za pande zote mbili, na mwisho waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Tulipojaribu taa, wewe uliketi kwenye usukani ukitazama mbele, mimi nimechuchumaa nyuma ya tela.

"Nakanyaga breki, baba!"

"Imewaka, mama!"

"Nakata kulia!"

"Inawaka, mama!"

Tulipiga kelele kama watoto. Kwa miaka sita ya ndoa yangu hatukuwahi kuzungumza kwa muda mrefu hivyo. Baadaye Neema aliniambia kwamba ulibaki na tabia hiyo: kila ulipowasha indiketa ulitamka kwa sauti, "Nakata kulia," hata ukiwa peke yako ndani ya gari.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Yale magari ya mtumba kutoka Japani ndiyo kwanza yalikuwa yanamiminika Mwanza, na mteja mmoja mwenye gari la namna hiyo alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa yake. Ule waya wa ethi niliufunga kwenye kile chuma juu ya rangi yangu mwenyewe. Ilinipasa kuikwangua kwanza, waya uguse chuma kitupu. Ni kazi ya dakika mbili. Nilijua. Taa zilikuwa zinawaka kwa mguso mdogo wa boliti, kwa hiyo nikasema basi.

Ulifanya safari za kivuko miezi minne. Barabara ile ilitikisa, boliti ikalegea, rangi ikabaki katikati ya waya na chuma, umeme ukakosa njia. Ndani ya gari wewe uliona kila kitu kiko sawa, kwa sababu taa za gari zilikuwa zinawaka. Lakini mzigo wa tela ulizificha hizo za gari, na za tela zilikuwa zimekufa.

Ulipokuwa unakata kulia kuingia sokoni Usagara, kijana mmoja, Josephat, alikuwa nyuma yako na baiskeli yake yenye gunia la mkaa. Hakuona taa yoyote. Akakupita upande wa kulia, tela likamwangusha, mkono wake ukavunjika kwenye kiwiko.

Gari lililetwa kwangu siku ileile. Nilipolijaribu, taa za tela hazikuwaka hata moja. Nikafungua waya nikaiona ile rangi, nyeusi, nzima, inang'aa. Nikachukua msasa nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga upya, taa zikawaka zote. Halafu nikanyamaza.

Kwa hiyo siku ya kikao cha ukoo, Mabula alipokwenda mwenyewe uani kujaribu taa, zilikuwa zinafanya kazi vizuri kabisa. Akarudi ndani akauliza mbele ya wote: "Taa nzima. Sasa huyo kijana aliangukaje?"

Ulitazama mkeka.

"Nilisahau kuwasha," ukasema.

Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na akili zangu. Nilitazama viatu vyangu. Mabula akanyoosha mkono, nawe ukafungua fundo la kitenge ukatoa funguo.

Nilijidanganya kwamba pengine ulisahau kweli. Uongo huo nao ulinivua, siku ile niliyokukuta njia ya kivuko cha Kigongo. Nilikuwa na pikapu ya mteja. Ulikuwa unatembea kandokando ya barabara na gunia la mihogo kichwani, shingo imekaza, jasho linakutoka. Nilisimama. Ukakataa kuketi mbele na mkweo, ukapanda nyuma, juu ya gunia lako. Tulipofika kwako Buswelu nilishusha mzigo, nikasimama pale nikitafuta pa kuanzia. Nilisema, "Mama, zile taa..."

Hukuniacha nimalize. Ulisema ukiwa umenipa mgongo: "Baba Kulwa, wakisikia Igogo kwamba taa zako zilimvunja mtu mkono, nani atakuletea gari? Na wajukuu wangu watakula nini? Nenda, baba. Jua linazama."

Ulijua. Tangu mwanzo ulijua.

Nikaenda. Na ninaandika hili nikiona aibu kuliko yote: njiani nilijisikia mwepesi. Nilifurahi kwamba umeninyamazisha. Nilikuacha ukibeba mihogo kichwani misimu miwili zaidi, mpaka homa ile ilipokuchukua kwa wiki moja tu.

Siku ya kumaliza matanga Mabula alisimama kukusifu. Alisema ulikuwa mchapakazi, mkarimu, mwenye kupenda kanisa. Kisha akacheka kidogo: "Ila gari! Shemeji yangu na gari! Nusura aue mtu kwa kusahau taa." Na watu wakacheka, mama, kwa upendo tu, kama watu wanavyocheka msibani wakishachoka kulia. Neema naye alitabasamu. Hilo tabasamu lake ndilo lililoninyanyua.

Nilisema yote. Rangi, msasa, kikao. Nilipomaliza, Mabula akauliza: "Sasa unaniambia leo ili nifanye nini? Gari nimeshaliuza Geita. Yeye yuko ardhini." Aliketi, akajifunika uso kwa kofia yake.

Neema hakusema nami kwa siku nane. Siku ya tisa aliniwekea chakula, akasimama. "Mimi nilimgombeza mama," akasema. "Nilimwambia amezeeka, aache gari. Alinisikiliza tu." Akalia, na sikujua kama ninaruhusiwa kumshika.

Wiki iliyopita nilikwenda Usagara kumtafuta Josephat. Anauza mkaa palepale sokoni, mkono haunyooki vizuri. Nilijitambulisha, nikamweleza kwamba kosa halikuwa la yule mama, lilikuwa langu. Alisikiliza huku akipanga mafungu yake.

"Yule mama alikuja kuniona kila alipovuka," akasema. "Ananiletea viazi, ananiulizia mkono. Mpaka mwaka huu. Nikadhani amenichoka."

Hakuna aliyekuwa amempa habari za msiba. Nilimwambia mimi, pale katikati ya mafungu ya mkaa. Akavua kofia. Baadaye akaniuliza, bila ukali, "Na wewe ulikuwa wapi siku zote?"

Mama, sikuombi unisamehe, maana ulishanisamehe kabla sijaomba, na mimi nikautumia msamaha huo vibaya. Ninakuahidi mambo mawili. Jumamosi ijayo nitavuka kwenda Busisi na Neema, tupalilie shamba lako, na majirani zako kule wasikie kutoka kinywani mwangu kwamba ulikuwa dereva mzuri. Na tukirudi tutashuka Usagara na viazi. Nimemwambia Josephat atuangalie mchana. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Pumzika, mama. Sasa nampelekea Neema barua hii aisome kabla sijaikunja.

Mkweo,
Baba Kulwa