Mgongo Uliosingiziwa

Jumatano, 8 Oktoba

Wamekitoa! Kivimbe kilichonisumbua tangu Mei, ukubwa wa zabibu, sasa kimo kichupani. Nyuzi tano. Wapi? Tako la kushoto. Hata hapa naona aibu kuandika. Ganzi ikiwepo nilikuwa nataniana na nesi Dorkasi. Ganzi ilipoisha—mama yangu weee! Kasema nisikae siku kumi na mbili. Nikamwambia Ijumaa ijayo nafunga ndoa Kondoa, watanikalisha kwenye mkeka. Akaniangalia, akasema basi oa umesimama.

Naandika daftari likiwa juu ya friji.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelala kifudifudi. Panadol mbili, hakuna kitu. Kupiga chafya ni adhabu. Yusra kapiga simu: umekatwa wapi? Sasa mchumba utamtajia tako? Na mama yake hakosi kuwa pembeni! Nikasema mgongoni. Kwa chini kidogo.

Jumapili, 12 Oktoba

Mbona pametuna? Nimejitazama kwa vioo viwili, nusura nivunje shingo. Nikakimbilia kwa Dorkasi—kukimbia kwenyewe kwa kuchechemea. Kasema hakuna usaha, mshono unapona, niache kujipapasa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Balaa! Yusra kamwambia mama yake, mama kamwambia mumewe, Mzee Mbwana, na habari imefika kwa mzee nimeshakuwa mgonjwa wa mgongo. Kapiga mwenyewe. Shikamoo. Marahaba. Kisha: Nurdini, mgongo kwa mwanaume si jambo dogo, hasa anayeoa. Tuisogeze ndoa kwanza. Nikasema mimi mzima, mzee! Akasema wote husema hivyo.

Yusra analia. Harusi ya dada yake ilisogezwa hivyohivyo, ikasogezwa tena, mpaka leo. Nimwambie mzee ukweli? Tako, kwa baba mkwe? Mdomo haufunguki. Lakini Yusra nikimkosa sijui nitafanya nini.

Jumatano, 15 Oktoba

Basi la Kondoa. Konda kanifokea: kaka, viti vipo! Nimesimama njia nzima. Nimefika kwa Bibi Tabu, mama yake baba. Kaniangalia ninavyotembea tu, akauliza: nani kakukata tako? Nikamweleza yote. Kacheka mpaka kitenge kikafunguka. Mlenda kaninyima—unateleza, nyuzi nazo zitateleza. Nikamsihi asimwambie mtu. Akasema: mjukuu wangu, unataka siri au unataka mke?

Alhamisi, 16 Oktoba

Bibi kavaa baibui, kaenda kwa Mzee Mbwana. Ni nyumba ya tatu kutoka hapa. Nikabaki uani, nimesimama. Halafu kicheko. Cha wanaume! Kikazima, kikaanza upya. Bibi karudi anafuta machozi: ndoa iko palepale, kesho baada ya swala. Mzee kasema Alhamdulillahi, kumbe tako tu! Nimefurahi. Nimeaibika. Natamani dunia ipasuke, lakini baada ya ndoa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Haraka haraka, juu ya kabati la vyombo la mama mkwe. Kanzu nyeupe pee—ee Mungu, isitoke damu. Watu wamesharudi kutoka msikitini, sebule imejaa. Nimechungulia. Mkeka, sheikhe, mashahidi, wazee wote chini. Na katikati, mto mmoja tu. Mwekundu, mnene, umedariziwa KARIBU MGENI. Sheikhe kauliza ni wa nani. Mzee Mbwana, kwa sauti ya mnadani: wa mkwe wangu! Ana kidonda cha tako la kushoto, mgongo wake hauna tatizo lolote!

Vigelegele. Yusra namsikia chumba cha pili, anacheka kuliko wote.

Wananiita. Nimehesabu: leo siku ya tisa. Dorkasi alisema kumi na mbili. Wananiita tena. Sheikhe kasogea kunipa nafasi, Mzee Mbwana anaupigapiga mto kwa kiganja, watu wote wamegeuka—na huo mto, naona kutoka hapa, una vifungo.