Komeo la Ndani

Jumatatu, 4 Machi

Gereza la wanawake, kwa makala ya gazeti. Mfungwa wa kisu — alimchoma mwenye nyumba aliyeingia chumbani kwake bila hodi. Miaka minne hakutoa sababu. Sasa rufaa ni Ijumaa, anasema baba wa kambo alimharibu tangu ana miaka minane. Kumbukumbu zimekuja na tarehe ya mahakama! Askari wa zamu kanicheka: humu, dada, rufaa ikikaribia kila mtu ana baba wa kambo.

Hakulia. Kaomba kitu kimoja: nikifika kwa mama yake, niangalie mlango wa chumba cha nyuma. Utotoni alifunga komeo kwa ndani, mzee akaling'oa.

Wakili kamfundisha. Nahisi hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Nimembana wakili. Kaapa hajui lolote. Mawakili huapa kirahisi, nikaomba hoja za rufaa nizisome mwenyewe. Kweli, baba wa kambo hatajwi humo. Basi ananiambia mimi kwa faida gani?

Alhamisi, 7 Machi

Kwa mama yake. Chai, tabasamu, macho hayatulii. Huyo alijua uongo kabla ya kutembea, anasema.

Baba wa kambo kanifungulia chumba cha nyuma mwenyewe — tazama, mwanangu, hatuna cha kuficha! Mpole mno. Mlangoni, upande wa ndani: matundu manne ya skrubu, yamezibwa kwa puti, rangi juu. Mchwa hao, akasema. Mchwa wanaotoboa kwa mstari!

Kitanda kidogo, kimetandikwa. Sare ya shule msumarini. Ya nani? Ya mjukuu, mama akadakia. Mtoto wa huyohuyo mfungwa. Bibi wa upande wa baba aliyekuwa akimlea amefariki, wamemchukua mwezi uliopita.

Umri? Minane.

Ijumaa, 8 Machi

Rufaa imeahirishwa. Korido ya mahakama, pingu mikononi, hakuuliza habari ya gazeti wala ya jaji.

"Dada, umekuta komeo?"

Hakuna, nikasema.

"Mwanangu analala humo."

Akakaa sakafuni. Askari wawili wakamwinua.

Ustawi wa jamii: afisa yuko semina, njoo Jumatatu. Nimempigia mama yake. Simu kapokea mzee. Mama kaenda msibani, mpaka Jumapili.

"Usijali, mwanangu. Niko na mtoto."

Funguo za gari — nimeziweka wapi —