Mstari Katikati ya Sakafu ya Mbao

Kitengela,
Jumamosi.

Kwako dada yangu Nelima,

Pokea salamu zangu mimi na za watoto. Natumaini hapo Kajiado mko wazima na basi la shule unaloendesha halikusumbui. Sisi tuko, ni vumbi tu. Barua hii anakuletea mke wangu Evalyne mkononi, kwa sababu kwa simu ningeishia kuongea mambo ya mvua. Asiondoke kabla hujamaliza kusoma.

Kazi imenivuruga, Nelima. Nilipata kazi ya kupaka sakafu nyumbani kwa Mama Jawahir, yule mfanyabiashara wa mbuzi wa hapo Kisaju, sebule yote mbao. Bwana yake, Hilowle, alitaka vanishi inayong'aa kama kioo, wageni washangae. Mama Jawahir akakataa kabisa, akasema mama yake mzee atadhani ni maji yamemwagika, aogope kukanyaga. Walibishana siku mbili, mikebe ya kung'aa sana na ya kung'aa kidogo yote ikiwa imeshaletwa, hadi wakakubaliana ile ya kung'aa kidogo tu.

Nikapaka. Nikachuchumaa, nikaitazama kuelekea dirishani kama nifanyavyo miaka yote, nikaona iko sawa. Kesho yake Mama Jawahir akasimama mlangoni, akauliza kwa nini upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, na mstari umekatiza katikati. Wallahi hivyo ndivyo alivyosema. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Sikuona mstari wowote.

Badala ya kunyamaza nikasema dukani walibandika lebo vibaya. Mwenye duka, Abdishakur, akaitwa, akaja amefura. Akainua mikebe miwili mbele yangu, akaniambia nisome. Nikakisia, nikakosa; kumbe nusu ya sakafu niliipaka ile ya kung'aa sana. Hakuna aliyecheka. Mama Jawahir akasema sakafu itapigwa msasa upya, lakini akaniuliza hayo macho yangu nitayafanyaje.

Sasa nisikilize, na ukinitukana ni haki yako. Nilikuwa najua. Mwaka jana daktari aliniambia ni presha ya macho, la kushoto limeshakwisha, na kwamba ugonjwa huu hufuata familia, kwa hivyo niwaambie ndugu zangu wapimwe mapema. Nikanyamaza. Niliogopa kukosa kazi, nikaogopa na wewe ukose yako. Unakumbuka baba alivyokuwa akijigonga kwenye viti, sisi tukimcheka eti amelewa busaa? Haikuwa busaa, Nelima.

Halafu mwezi uliopita ukanipigia, ukasema umekwaruza geti la shule kwa ubavu wa basi, hukuliona kabisa. Nilicheka pamoja nawe. Tangu siku hiyo sina amani.

Tafadhali, Jumatatu usishike usukani. Mwambie mwalimu mkuu lolote, halafu uende hospitali na Evalyne. Dawa ya matone inasaidia ukiwahi. Mimi nilichelewa kwa ujinga wangu.

Nisalimie watoto, wako na wale wa basi.

Ni mimi kaka yako, naomba unisamehe,
Lazarus Nalianya.