Kikombe cha Mubirizi

Jumanne, jioni

Mama mkwe alisema hapana, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale.

Daktari wa Mbarara alifunua kope za mume wangu, Evariste, akatazama ule weupe wa macho uliogeuka manjano. "Macho haina shida," akasema. "Ni ini ndiyo inaumwa. Tutapima damu. Lakini kuna dawa ya miti anakunywa? Hiyo inaweza kuharibu ini zaidi."

"Hapana," mama mkwe akajibu. "Maji tu."

Wiki tatu sasa anamchemshia majani ya mubirizi, ule mti mchungu, asubuhi na jioni. Anasema ni malaria tu. Nilifungua mdomo, halafu... Nani hapa kwetu Rubondo atamwambia mama wa mume wake, mbele ya watu, kwamba anadanganya?

Njiani kurudi nyumbani nilimwomba taratibu, "Mama, tuache mubirizi kwanza, tungoje majibu ya damu."

"Ni mimi niliyemzaa," akasema.

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mdomo wangu.

Jioni hii amenipa kikombe nimpelekee. Nimekipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa. Evariste amekunywa chote, akanitazama kwa macho yale ya manjano, akasema, "Asante, mke wangu."