Mche Uliobaki Hai

Mdogo wangu,

Mama hajambo, kikohozi kimepungua. Paa nalo tumeliziba.

Jana tulikusikia redioni. Ulisema, "Ugonjwa wa kutu uliua shamba zima la maharagwe, nikauona mche mmoja tu umesimama." Ukaeleza vizuri kwamba jeni lake lilibadilika kwa bahati, ndiyo maana mingine ikafa, huo ukabaki kuzaa.

Niliyeuona ni mimi. Misimu minne nilipanda mbegu zake, nikakupa kopo moja ukanipimie maabara, kwa kuwa tumenyonya ziwa moja.

Mama alishangilia: "Mwanangu kavumbua!" Sikuwa na moyo wa kumkatiza. Nilitoka nje, nikalia.

Usidhani kimya changu ni msamaha.

Dada yako