Waya Uliosokotwa Kushoto

Bahi,
3 Machi 2024

Kwa Generosa,

Nina miaka sabini na sita. Nimemzika mama yako, nimewazika mameneja wanne walioniita mkaidi, na maboila mawili ya mvuke niliyoyakuta kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti nikiwa kijana yamekatwakatwa yakauzwa chuma chakavu, mimi bado nasimama. Naanza hivyo ili ujue unaongea na nani, maana naona umesahau.

Salamu. Mimi mzima. Goti la kulia linauma mvua ikinyesha, na huku Bahi inanyesha, majaruba ya mpunga yamejaa. Wewe hali yako siijui, miaka miwili hujakanyaga hapa, lakini kwa vile barua inataka hivyo nakuuliza, hujambo? Haya, tumemaliza.

Simu zako sipokei kwa sababu maneno ya simu yanakanushwa. Nataka karatasi. Hii anakuletea Hamidu wa bodaboda mkononi, mpaka getini kwenu Msalato.

Athuman alikuja kwangu Jumapili, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mtu yule hajui kulalamika, nikamchomoa maneno kama mwiba. Anasema maji yaliisha ndani ya boila, moto ukaendelea kuwaka, mabomba ya ndani yakaungua, na mvuke ukamkuta anakimbilia kuzima. Anasema kuna ripoti inayosema mwendeshaji alizembea. Tarehe 13 Mei kuna kikao cha nidhamu, atafukuzwa na cheti chake cha boila kitachukuliwa, hatagusa boila tena popote. Anasema ripoti ina sahihi moja. Nilimwuliza mara tatu ni ya nani. Mara ya tatu akaangalia chini, nikajua.

Generosa, mimi nimemfundisha Athuman miaka kumi na moja. Ukimwita mzembe umeniita mimi. Na mimi nimeendesha boila miaka thelathini na nne, sikuunguza hata bomba moja. Kila kitu mle ndani kimepita mkononi mwangu, na mkono wangu unajulikana. Mimi ni mtu wa shoto, waya nausokota kwenda kushoto, na mafundi wa Dodoma nzima wakiuona wanasema hapa Thobias alipita.

Iondoe sahihi yako.

Baba yako,
Thobias Chilewa


Msalato,
17 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini goti linaendelea vizuri. Mimi na mwanangu wazima. Edina ameanza darasa la kwanza, kama ungependa kujua.

Ripoti siibadilishi. Mwendeshaji anatakiwa kutoka chumba cha kuendeshea kwenda kuangalia kioo cha maji kwenye boila kila robo saa. Siku ile, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita kasoro, Athuman hakutoka hata mara moja. Daftari linaonyesha, na yeye mwenyewe amekiri. Nimeandika kilichotokea.

La pili. Nikiwa na miaka kumi na minne niliomba uniingize chumba cha boila nikaone, ukaniambia sketi yangu itashika moto. Nilipomaliza chuo nikaajiriwa hapa, ukanitambulisha getini mbele ya wafanyakazi wote: "Huyu ni fundi wa karatasi." Walicheka wiki nzima. Wapo wanaoniita hivyo mpaka leo, na sasa mimi ndiye mkuu wao wa vifaa vya kupimia. Haya, fundi wa karatasi ameandika karatasi yake, na wewe uliyeianza dharau hiyo unamtaka aichane.

Mambo ya ripoti na michoro yake waachie waliosomea. Hili jambo lipite, baba. Nakuomba mara hii moja tu.

Mwanao,
Generosa


Bahi,
24 Machi 2024

Generosa,

Nimeyapokea matusi yako, yamevikwa shikamoo. Marahaba. Mimi mzima. Goti usilitaje kama huna dawa.

Waliosomea. Sawa, nikwambie nilikosomea mimi. Mwaka tulipofungiwa boila jipya, fundi aliyelileta alikaa nasi miezi miwili. Mimi sikujua kusoma hata jina langu. Akachota majivu ya maganda ya alizeti, akayatandaza sakafuni, akachora duara kwa kidole. Herufi zangu za kwanza duniani hazikuwa a, e, i. Zilikuwa zile za ndani ya duara. Kizungu chake sikijui na sijawahi kukihitaji.

Kila duara kwenye mchoro ni kifaa. Herufi ya kwanza inakwambia kinapima nini. L ni maji yamefika wapi. P ni presha. T ni joto. Zinazofuata zinakwambia kinafanya kazi gani. T ikikaa nyuma si joto tena, ni mpeleka habari, kwa hiyo LT ni yule anayepeleka habari za maji. G ni kioo cha kutazama kwa macho. S ni swichi. Na duara likiwa limekatwa na mstari katikati, kifaa kiko chumbani mbele ya mwendeshaji. Duara likiwa tupu, kiko nje, kimening'inia kwenye boila lenyewe. Fundi alinifutia na kunichorea mpaka majivu yakaisha.

Sasa sikia. Athuman ameniletea nakala ya ripoti yako na ya mchoro. Nimeviweka mezani siku nne, nikifuata mstari kwa ncha ya kisu.

Boila lile maji yake yanalindwa na watu watatu. Wa kwanza ni LT. Huyu anapeleka habari chumbani kwenye ile runinga yenu. Siku ile alisema maji yako nusu. Alidanganya, kwa sababu maji yetu ya Dodoma yana chumvi, inaganda kama ndani ya birika, kabomba kake kembamba kakaziba. Wa pili ni LG, kioo. Athuman hakwenda kukiangalia, na hilo kosa nalikubali, nimeshamgombeza akiwa na bandeji yake hivyo hivyo. Lakini nani alitoa amri mwendeshaji akae chumbani kwenye kiyoyozi badala ya kukaa na boila? Si mimi.

Wa tatu ndiye ninayemtaka. LSLL. Swichi ya maji, na L mbili za nyuma ni chini, chini kabisa. Duara tupu, yuko nje, na mstari wa nukta unatoka kwake mpaka kwenye feni inayopulizia moto. Huyu haulizi mtu. Maji yakimfikia yeye anaikata feni, moto unakosa pumzi, boila linapona hata kama mwendeshaji amesafiri kwenda Chemba kununua ng'ombe.

Kwa nini feni haikuzima?

Ripoti yako ina kurasa tisa. Nimetafuta herufi hizo nne kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa. Hazimo. Umemtaja LT, umemtaja LG, LSLL umemruka. Mkuu wa vifaa vya kupimia ameruka duara, na mzee asiyesoma gazeti ameliona.

Nenda kafungue kisanduku chake. Ama ni wewe uliyekiharibu, ukamtupia Athuman lawama? Usiponijibu nitakuja kwenye kikao na goti langu hili, niulize mbele ya watu wote.

Baba yako,
Thobias Chilewa


Msalato,
6 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Hamidu amekuja kudai jibu mara nne, na mara zote nimemwambia sipo, na alikuwa ananiona.

Kisanduku cha LSLL nilikifungua siku ile ile ya ajali, Athuman akiwa bado njiani kupelekwa hospitali. Swichi ni nzima. Ila ndani kuna kipande cha waya mwekundu kimeziunganisha nyaya zake mbili, kwa hiyo hata swichi ikikata, feni haipati habari. Huo waya si wa jana. Una vumbi lililogandana na mafuta. Umesokotwa mara saba.

Umesokotwa kwenda kushoto.

Nikarudisha kifuniko nikakaza skrubu. Picha yako bado ipo ukutani pale mlangoni, umeshika spana, chini wameandika miaka thelathini na nne bila ajali. Watu wanapita wanaigusa. Mimi siigusi, lakini sikuona sababu ya kuwa mtu wa kuishusha. Athuman ana miaka arobaini, nikajiambia atapata kazi nyingine. Wewe una jambo moja tu unaloishi nalo na unalisema kila unapofungua mdomo.

Nilikwambia lipite. Ukaniletea somo la herufi.

Usije kwenye kikao. Barua hii ichome. Na usinishukuru, sikufanya kwa mapenzi.

Mwanao,
Generosa


Bahi,
10 Mei 2024

Generosa mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Edina hajambo? Anajua herufi ngapi?

Nilipofika kwenye "mara saba" nilijua. Sikungoja kusoma upande gani.

Nilitaka kukuandikia kwamba nilisahau. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, utaona karatasi imechunika. Ukweli uko hivi. Mwaka 2012 chumvi ilikuwa inagandisha boya la ile swichi, feni inazima kila baada ya saa moja, na meneja anakuja juu. Dawa yake ilikuwa kulisimamisha boila siku mbili, tulisafishe. Mimi nikasema sihitaji swichi ya kuniambia maji yako wapi, ninayo macho. Nikafunga ule waya. Nikasema wiki moja. Ilipopita wiki, na boila linaenda vizuri, nikaona nimelishinda. Nikakaa hivyo miaka minne mpaka nastaafu, na siku naondoka sikumwambia mtu. Nilijiambia wataalamu watautoa. Nilijiambia hivyo mara nyingi mpaka nikaamini umetolewa, ndiyo maana nikakutuma kufungua kisanduku kwa kifua mbele.

Kwa hiyo miaka thelathini na nne bila ajali ni uongo. Ajali ilikuwepo, ilikuwa inangoja niondoke.

Sasa na wewe. Nani alikuomba unifiche? Na usiniambie ni kwa ajili ya picha. Swichi ile inatakiwa kupimwa kila mwaka na karatasi isainiwe. Mimi nimeondoka miaka minane sasa. Karatasi zote hizo zina sahihi ya nani? Kama mtu angekifungua kisanduku kabla ya kusaini, hata mwaka mmoja tu, waya ungeonekana. Tulikuwa wawili mle ndani, Generosa. Usiniachie nikae peke yangu.

Barua uliyosema niichome sijaichoma. Hii nayo nimeiandika mara mbili, vidole vimekufa ganzi. Ya pili ni ya meneja, ina habari ya waya na mwaka na mkono uliousokota, na nimemwambia wakaishushe ile picha. Hamidu ameshaondoka nayo tangu asubuhi, usihangaike kumkimbiza. Ndani yake wewe sijakutaja. Hilo la sahihi utaliandika mwenyewe. Kikao ni Jumatatu. Fundi wa karatasi, karatasi unazo.

Wakisema mzee amechanganyikiwa, mashahidi wangu ni hawa. Dorothea aliyekuwa stoo, amehamia Chemba, alinipa waya mwekundu mita moja na akanitania kwamba naenda kufunga mbuzi. Hamidu, aliyeniona naandika ile ya meneja na kunisomea nilipokosea.

Wa tatu ni Athuman. Alikuwa amenishikia kifuniko cha kisanduku nikisokota. Miaka iliyofuata aliniuliza mara mbili, "Baba, ule waya hatuutoi?" Mara zote mbili nilimwambia asinifundishe boila. Jumapili ile alikaa kwenye kiti changu na mkono wake umeungua, akanywa chai yangu, akanisikiliza nikijisifu saa nzima, na alijua. Mwulizeni yeye. Akinyamaza kwa heshima yangu, mwambieni mimi ndiye niliyesema aseme.

Baba yako,
Thobias Chilewa