Pale Ambapo Shangazi Ataona Fataki

Jumatatu, 22 Juni 2015
Nimerudisha vitabu vitatu maktaba, nimechukua vinne. Kimoja ni cha kemia ya fataki. Shaba hutoa rangi ya bluu, na bluu ndiyo ngumu kuliko zote. Sikujua.

Sababu ya kitabu: Shangazi Mapendo, dada yake Papa, anahama Louisville kwenda kukaa na binti yake Buffalo. Atapitia kwetu Hilliard siku chache. Papa alimuuliza kwa simu anataka tumfanyie nini. Akasema fataki. Anatumia kiti cha magurudumu tangu mgongo ulipoharibika. Alikuwa akiinua wazee kazini. Mwaka jana alipelekwa kando ya mto kuziona. Watu wakasimama mbele yake. "Fataki nilisikia," alisema. "Nilichoona ni mifuko ya suruali."

Mama alicheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 24 Juni
Nimepiga simu bustani ya michezo, ile kubwa yenye treni za kupanda na kushuka. Naogopa simu. Niliandika maneno yote kwenye karatasi kwanza, hata "habari".

Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Kuna uwanja wa watu wenye viti vya magurudumu, karibu na ziwa. Kiti kimoja na watu watano wa kukisindikiza. Fika saa moja kabla. Nikauliza ukingo wa mbele una urefu gani, na je, mtu anaweza kuona katikati ya vyuma? Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa nini hakuna?

Nimekaa kwenye kiti cha mezani, Mama akapima kutoka sakafuni hadi machoni mwangu. Sentimita 114. Ni kama mtoto wa miaka sita aliyesimama.

Jumamosi, 27 Juni
Shule ilinipa tiketi mbili za bure za bustani ile kwa kumaliza orodha ya vitabu. Nilikwenda na Yaya Bahati, mkubwa wangu. Yeye alikwenda kwa ajili ya treni. Mimi kwa ajili ya sentimita 114.

Nilichuchumaa kila mahali. Yaya aliniuliza kama nimepoteza jino. Baadaye akaanza kujifanya hanijui.

Uwanja wa viti: sakafu nzuri, lakini mbele kuna masanduku ya maua yamepangwa juu ya ukingo. Fataki za juu zinaonekana. Za chini, zinazorushwa karibu na maji, hazionekani. Nadhani aliyepanga maua alikuwa amesimama.

Mahali pa pili nimepagundua mwenyewe. Nyuma ya farasi wa mbao wa kuzunguka kuna njia yenye mteremko mdogo, kisha tambarare ya saruji, kisha vyuma vyembamba, kisha maji tu. Unaona kila kitu. Tatizo ni kwamba mtu yeyote anaweza kuja kusimama pale mbele. Na saa ya fataki za kila usiku ilipofika, walikuja. Nilikuwa nimechuchumaa. Nikaona mifuko ya suruali.

Basi uwanja wa viti ni bora. Nusu ya fataki ni bora kuliko mifuko.

Jumatatu, 29 Juni
Nimemweleza Papa wakati wa chakula. Kiti kimoja, watu watano. Nilimwonyesha mchoro. Alisema, "Bon, ni vizuri sana, mtoto wangu." Sisi nyumbani ni wanne. Inatosha kabisa.

Alhamisi, 2 Julai
Shangazi amefika. Ni mdogo kuliko nilivyokumbuka, na sauti yake ni kubwa zaidi. Nilimwomba nikae kwenye kiti chake kidogo. Mama alishtuka. Shangazi akasema, "Mwache, yeye ni mtu wa kusoma, asome na hii."

Nilikwenda hadi kwenye maegesho na kurudi. Mikono inauma. Jirani alitupita, akamsalimia Yaya aliyekuwa nyuma yangu, mimi hakunisalimia. Ananijua vizuri.

Ijumaa, 3 Julai
Baada ya sala ya jioni kanisani Papa amesimama na kutangaza. Shangazi anaondoka kwenda mbali, donc, basi, hawezi kusindikizwa na watu wanne kama mtu asiye na ndugu. Kwaya nzima inakuja kesho. Na wazee wawili wa kanisa. Wote wakapiga makofi.

Tutakuwa kumi na tisa bila Shangazi.

Nina hasira. Unaanzaje kumwambia Papa kwamba mgeni wake asindikizwe na watu wachache? Nilikunja mchoro, nikaenda kulala mapema.

Jumapili, 5 Julai
Naandika ya jana.

Tulifika uwanja wa viti kwa wakati. Kijana wa mlangoni alituhesabu kwa vidole, vikamwishia. Watano tu, alisema. Papa akamweleza kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba huyu ni mgeni, tunamsindikiza. Kijana akasema pole, watano.

Kisha ikaanza ile kazi yetu ya heshima.

"Ingieni ninyi wakubwa."

"Hapana, ingia wewe, ulitoka kazini moja kwa moja."

"Mimi? Niingie mzee abaki nje?"

Hakuna aliyekubali kuingia. Hakuna aliyekubali kuchagua. Zilibaki dakika arobaini, watu wakimiminika kila upande. Shangazi akageuza kiti. "Bon, imetosha. Mimi nabaki na watu wangu." Akaelekea kwenye umati, kule kule kwenye migongo.

Nilisikia sauti, ikawa yangu. "Papa, kuna mahali pengine. Lakini lazima mkae chini. Wote."

Sijawahi kuwaamuru watu wazima kitu chochote.

Mama Rehema, kiongozi wa kwaya, aliangalia kitenge chake kipya. "Chini wapi? Kwenye saruji? Na hii nguo?"

"Utafua," alisema Shangazi. "Mtoto amepima. Twende."

Nyuma ya farasi wa kuzunguka palikuwa bado na nafasi. Nilionyesha kwa mkono. Papa alikaa wa kwanza, na shati lake la kanisani. Kisha wazee, wakisaidiana na kulalamika magoti. Kisha kwaya yote, safu mbili mbele ya vyuma, upana wote wa tambarare. Shangazi nyuma yao, mimi kando yake nimechuchumaa. Mzee mmoja aliuliza mahubiri yanaanza saa ngapi.

Walikuja watu wa kusimama. Waliona safu mbili za vitenge, wakarudi nyuma yetu. Hakuna aliyeweza kupita. Watano wasingeweza kuuziba ule upana. Ilihitaji kundi zima. Hilo sikulipima kabisa, na nililikasirikia usiku mzima wa Ijumaa.

Zilianza zile za chini, juu ya maji. Shangazi alishika mikono ya kiti. Kisha bluu ikapasuka. Akaniinamia: "Hii wanaifanya na nini?"

"Shaba."

"Ile inayochimbwa kwetu?"

Nilisema labda. Sijui inatoka wapi. Nitatafuta.

Jumatano, 8 Julai
Buffalo. Tulimleta kwa gari, mimi na Papa. Nyumba ya binti yake iko North Buffalo, ngazi mbili tu mlangoni, na mume wake ameshaweka ubao wa kupandishia kiti juu yake. Papa amelala kwenye kochi.

Nilikuwa jikoni nikikausha sahani. Shangazi alikuwa anamhadithia binti yake. Alieleza zile za chini kwanza, jinsi zinavyopanda na jinsi maji yanavyozionyesha mara ya pili. Kisha nyekundu, kisha bluu. Alichukua muda mrefu. Habari za kiti hakuzitaja.

Binti yake akamuuliza, "Kulikuwa na watu wengi?"

"Sikuangalia watu," alisema.